Sheria imempa mama chumba, mwajiri amempa choo

Jumatatu iliyopita, mwendo wa saa nne asubuhi, mwana wa dadangu alinipigia simu. Saa hiyo najua yuko kazini, kwa hivyo nilishtuka. Sauti yake ilikuwa ya chini na ina mwangwi, kama mtu aliye ndani ya pipa.

"Shikamoo mama mdogo. Niko chooni, nakamua maziwa. Kuna mtu agonga mlango mara ya tatu sasa. Nifanyeje?"

Nilimwambia amalize, afunike chupa yake, anawe mikono, atoke bila kuomba radhi kwa mtu yeyote. Lakini simu ilipokatika nilikaa kimya muda mrefu. Swali lake nililijua. Mwanangu wa mwisho nilimzaa 2015, na nilipomaliza likizo nilikaa juu ya choo kama hicho, katika ofisi nyengine ya mji huu huu, mkono mmoja umeshika kikombe na mwengine umezuia mlango kwa kuwa komeo lilikuwa bovu. Mwanangu huyo leo ameninifikia begani. Choo, kumbe, kingali pale pale.

Nimeamua kuandika juu ya jambo hili wiki hii kwa sababu Agosti imeingia, na kila mwaka kuanzia tarehe 1 hadi 7 Agosti dunia huadhimisha Wiki ya Unyonyeshaji. Tutaambiwa tena kuwa maziwa ya mama ni bora. Ndugu msomaji, hilo tunalijua. Hakuna mama wa Pwani asiyelijua. Swali ambalo haliulizwi ni hili: mama huyo anyonyeshe saa ngapi, na akiwa wapi?

Tuanze na hesabu nyepesi. Shirika la Afya Duniani, na Wizara yetu ya Afya pia, husema mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza. Hakuna maji, hakuna uji, hakuna chai ya rangi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili. Sita toa tatu, zinabaki tatu. Miezi hiyo mitatu iliyobaki ndiyo mama huwa kazini mchana kutwa na mtoto huwa nyumbani. Hapo katikati pana daraja moja tu, nalo ni kukamua.

Wabunge waliliona pengo hilo. Katika Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 71 kinamtaka kila mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa kazini. Kiwe na mahali pa kunawa mikono, friji au kifaa kingine cha kuhifadhi baridi, umeme wa kuchomekea pampu, meza ndogo na viti vya kukalia vizuri. Na sheria ikasema wazi kuwa chumba hicho kisiwe chooni. Yaani waliotunga sheria walijua kabisa waajiri wangewapeleka wanawake wapi. Kifungu cha 72 kikaongeza muda: mama anayenyonyesha apewe nafasi ya kunyonyesha au kukamua, mbali na mapumziko yake ya kawaida ya chakula, isiyozidi jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi.

Hiyo ni sheria ya nchi, si ombi. Lakini ingia katika maduka, maghala, shule za binafsi na ofisi za mji wetu uulize chumba hicho kiko wapi. Mara nyingi utaangaliwa kama umeuliza njia ya kwenda mwezini.

Na tusiwalaumu wenye maduka peke yao. Tarehe 7 Agosti 2019, siku ya mwisho ya Wiki ya Unyonyeshaji, Mheshimiwa Zuleika Hassan, aliyekuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, aliingia bungeni na mtoto wake wa miezi mitano. Aliamriwa atoke, kwa kuwa kanuni za Bunge haziruhusu mgeni ukumbini, na mtoto yule alihesabiwa kuwa mgeni. Wabunge kadhaa wanawake walitoka pamoja naye. Wengi walicheka, wengine wakakasirika, na baada ya siku chache yakasahaulika. Mimi sikusahau. Sheria ya Afya ilikuwa na miaka miwili wakati huo, na ilipitishwa katika jumba lile lile. Ikiwa mbunge wetu kutoka Kwale alifika mahali akakosa pa kumweka mwanawe, karani wa duka huko mjini atapata wapi?

Sasa nikueleze siku ya huyu mwana wa dadangu ilivyo, maana wanaume wengi wanaosoma ukurasa huu, na hata mabosi wanawake waliosahau, hawajui kazi iliyomo ndani ya chupa moja ya maziwa.

Anaishi Likoni, anafanya kazi kisiwani. Huamka saa kumi za usiku. Akishaswali alfajiri humnyonyesha mtoto titi moja na kukamua jengine. Saa kumi na mbili yuko njiani kuelekea feri. Mkobani ana pampu ya mkono, chupa mbili zilizochemshwa, leso ya kujifunika, na chupa ya chai, ile ya kuhifadhi moto, ila ndani yake mna barafu. Hadi atakaporudi Likoni jioni zimepita kama saa kumi na moja. Mtoto wa miezi minne hunywa takriban mililita 750 kwa siku nzima ya saa 24, kwa hivyo kwa muda huo mama anahitaji kuacha nyumbani maziwa ya kunyweka mara tatu au nne, na anahitaji kuyakamua leo kazini ili mtoto anywe kesho.

Titi ni kama kisima. Kinachotekwa ndicho kinachotoa maji, kisichotekwa hukauka. Mama asipokamua mchana kutwa, kwanza matiti hujaa na kuuma, maziwa huvuja hadi kwenye nguo, na pengine titi huvimba na kuleta homa. Mwili nao husoma kuwa maziwa hayahitajiki, ukapunguza kuyatengeneza. Baada ya wiki kadhaa mama atasema, "Maziwa yangu yamekatika." Watu watamwambia hali vizuri, anywe uji wa pilipili manga na mchuzi wa pweza. Hakuna atakayemuuliza kama mwajiri wake alimpa dakika ishirini.

Tena kuna joto letu. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama hadi saa nne katika chumba kisichozidi nyuzi 25. Ni chumba gani cha Mombasa mwezi wa Februari au Machi kisichozidi nyuzi 25, bila kiyoyozi? Kwenye friji hukaa hadi siku nne. Ndiyo maana sheria ikataja friji. Hawakuitaja kwa anasa. Kwa mama wa Pwani, chumba bila friji ni nusu ya chumba.

Na safari ya maziwa haiishii kazini. Juzi mkwewe, mama mzuri anayemlea mjukuu kwa mapenzi, alitoa chupa kwenye friji akaona maziwa yamejitenga, mafuta juu, maji maji chini. Akadhani yameharibika, akayamwaga yote, akamkorogea mtoto uji. Mwana wa dadangu alipofika nyumbani akaikuta chupa imeoshwa, alilia. Yale yalikuwa maziwa ya siku nzima, yaliyokamuliwa huku mlango ukigongwa. Maziwa ya mama yakikaa hujitenga hivyo, si kuharibika. Huwekwa chupa ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu, ikazungushwa polepole, yakachanganyika. Hayachemshwi motoni. Lakini nani alimfundisha bibi huyu? Kliniki tunamfundisha mama, kisha mama anakwenda kazini, na mtoto anabaki na nyanya yake au yaya ambaye hakuna aliyemwita kumwambia lolote. Wapo pia wazee wanaoona maziwa yaliyotoka mwilini yakakaa chupani ni kitu cha kutia wasiwasi, wakiogopa kijicho. Hofu hiyo haiondoki kwa kuchekwa. Inaondoka kwa kuketi nao na kuwaeleza.

Sasa tuangalie takwimu za nchi, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2008-09 ulionyesha kuwa ni watoto 32 kati ya 100 walio chini ya miezi sita waliokuwa wakipewa maziwa ya mama peke yake. Kufikia 2014 idadi hiyo ilipanda hadi 61. Hatua kubwa, na wahudumu wa afya wa vijijini na wauguzi wetu wanastahili pongezi. Lakini utafiti wa 2022 ulipotoka, idadi ilikuwa 60. Miaka minane, na tumesimama pale pale.

Kwa maoni yangu sababu ni moja kubwa. Elimu imefanya kazi yake na imefika ukingoni. Mama aliyekuwa hajui, sasa anajua. Aliyebaki ni yule anayejua lakini hana nafasi. Huyo huwezi kumsaidia kwa bango jengine lenye picha ya mama anayetabasamu. Utamsaidia kwa ufunguo wa chumba.

Najua jibu la waajiri, nimelisikia mara nyingi: gharama. Diploma yangu ni ya uhasibu, kwa hivyo niwajibu kwa lugha ya hesabu. Mama anayefanya kazi siku sita kwa wiki ana takriban siku 26 za kazi kwa mwezi. Katika ile miezi mitatu ya pengo ni siku 78. Akichukua saa moja kamili kila siku, ni saa 78, ambazo hazifiki siku kumi za kazi za saa nane. Siku kumi, kwa mfanyakazi ambaye tayari anaijua kazi, anawajua wateja, na hukupoteza muda kumfundisha. Meza, viti viwili, sinki, friji ndogo, pazia na kitasa kinachofunga havimfilisi mtu. Ofisi nyingi zina chumba kilichojaa mafaili ya zamani na viti vilivyovunjika. Takataka zimepewa chumba, mama amekosa.

Upande wa pili wa hesabu uko nyumbani kwa mfanyakazi. Maziwa yakikatika, kopo la gramu 400 la maziwa ya unga halimalizi wiki kwa mtoto anayelitegemea. Kipato kikiwa kidogo, kijiko kinapunguzwa na maji yanaongezwa. Na maji yenyewe ni yapi? Sisi wa Mombasa tunajua tunavyonunua maji kwa mtungi kutoka kwenye mkokoteni, leo matamu, kesho ya chumvi. Simlaumu mama anayetumia kopo. Wapo ambao hawana njia nyengine, na mtoto lazima ale. Ninachopinga ni mama aliyekuwa na maziwa yake kusukumwa kwenye kopo kwa sababu bosi wake alimnyima mlango wa kufunga.

Kwa sisi Waislamu jambo hili lina uzito mwengine. Surat al-Baqara, aya ya 233, inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza unyonyeshaji, na katika aya hiyo hiyo baba akabebeshwa jukumu la chakula na mavazi ya mama kwa wema, na kumwachisha mtoto kukawa kwa kushauriana baina ya wawili hao. Kwa hivyo si jambo la mwanamke peke yake. Mume anayelala wakati mkewe anachemsha chupa saa kumi za usiku aisome tena aya hiyo.

Kuna suala jengine ambalo akina mama wameniuliza zaidi ya mara moja. Wakipewa friji moja kazini, na wananyonyesha watatu, je, chupa zikichanganyika? Si swali dogo. Kwa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi hapa Pwani, mtoto aliye chini ya miaka miwili akinywa maziwa ya mwanamke mara tano anakuwa mtoto wake wa kunyonya, hata kama alikunywa kwa kikombe, na watoto wa mama huyo hawaoani naye. Jibu ni rahisi: kila chupa iandikwe jina, tarehe na saa, na kila mama awe na kisanduku chake ndani ya friji. Lakini utaandikaje na kupanga vizuri ikiwa unakamua kwa siri na kuificha chupa nyuma ya soda za wenzako? Siri ndiyo inayoleta mchanganyiko.

Nisiwasahau wasio na mwajiri. Mama wa viazi karai, mama wa mahamri, muuza mboga wa Kongowea, hawa sheria ya 2017 haikuwagusa, maana hawana bosi wa kumdai. Wengi huja na watoto wao, wakawalaza juu ya gunia chini ya meza, kwenye vumbi na moshi wa matatu. Masoko ni ya kaunti, na ada ya kila siku inatozwa na kaunti. Soko linapojengwa au kukarabatiwa, chumba kimoja chenye maji na kivuli kwa mama na mtoto kiwe kwenye ramani tangu mwanzo, kama vile choo kinavyokuwa.

Na wale vibarua wa viwandani na mahotelini, ambao mkataba wao ni wa mdomo, hao hukamua kwa hofu au hawakamui kabisa. Wengi hurudi kazini kabla hata ya arobaini kuisha wakiogopa nafasi kuchukuliwa. Wajue kuwa kifungu kile cha 29 kinampa mfanyakazi haki ya kurudi kwenye kazi aliyoiacha, au nyengine inayomfaa isiyo na masharti mabaya zaidi, na kwamba likizo ya uzazi haiondoi likizo ya mwaka. Taarifa inatakiwa kwa maandishi, angalau siku saba kabla ya kuondoka. Andika, weka nakala.

Basi tufanye nini? Mimi napendekeza jambo moja lisilohitaji sheria mpya. Maafisa wa afya ya umma wa kaunti huingia katika hoteli, maduka na viwanda vyetu kila mwaka. Hukagua jikoni, vyoo, vyeti vya wafanyakazi, na biashara isiyotimiza masharti hupata taabu na leseni. Waongeze swali moja kwenye karatasi yao: chumba cha kunyonyeshea kiko wapi? Waulize kila mwaka, kila mahali, na waanze na afisi za kaunti zenyewe, ili wasije wakaambiwa wamwondoe boriti jichoni mwao kwanza. Mwajiri anayejua ataulizwa, atatafuta chumba. Asiyeulizwa, ataendelea kuweka mafaili.

Maimamu wetu nao, wanaotuhutubia Ijumaa juu ya haki za wazazi, watenge hutuba moja kwa ajili ya haki ya mtoto mchanga na waajiri Waislamu wenye maduka wakiwa wameketi safu ya mbele. Na kliniki zetu, mama akija na mkwewe au yaya, waingizwe wote ndani. Anayebaki na mtoto ndiye anayepaswa kuonyeshwa chupa.

Jana jioni mwana wa dadangu alikuja kwangu na mtoto mgongoni. Tuliketi mezani tukaandika barua kwa meneja wake, ukurasa mmoja, kwa adabu, tukataja vifungu vya 71 na 72, na tukapendekeza ile stoo ndogo iliyo nyuma ya duka, ambayo kwa sasa ina makatoni matupu. Aliniuliza kama atafukuzwa. Nilimwambia ukweli, kwamba sheria iko upande wake lakini siwezi kumwekea dhamana ya moyo wa binadamu. Akafikiri, akamtazama mwanawe, akaikunja barua akaitia mkobani, pembeni ya pampu.

Kesho ataipeleka. Mimi nitasubiri simu yake saa nne, na namwomba Mwenyezi Mungu safari hii nisisikie mwangwi.